Kiroboto: mrukaji mdogo na jina lake kubwa

Swali: «Mtaalamu, mwanangu wa miaka 11 ni shabiki wa Lionel Messi, na amegundua kwamba wanaozungumza Kihispania humwita Kiroboto. Ameniuliza mbona mtu anayependwa hivyo apewe jina la mdudu anayemnyonya damu paka wetu, na mimi sikuwa na la kumjibu. Jina hilo lina maana gani? Na je, ni kweli kiroboto anaruka kiasi hicho, au ni chumvi za watu?»

Jibu: Ndugu msomaji, nitaanza na sehemu ya pili ya swali lako, kwa sababu ile ya kwanza haijibiki vizuri bila hiyo. Naam, kiroboto anaruka kweli, na ajabu yake inazidi chumvi yoyote ambayo watu wameitia. Ila wengi wanaisifu ajabu hiyo mahali ambapo haipo, na pale ilipo hasa hawapaangalii. Tukishapaona, jina la Messi na mengine kadhaa yatafunguka yenyewe.

Kwanza tuhakikishe kwamba tunamzungumzia mdudu mmoja. Viroboto, chawa, kunguni, kupe na papasi hutiwa katika kapu moja kwa kuwa wote hunyonya damu, lakini hawana udugu wa karibu, na kupe na papasi si wadudu hata kidogo, bali ni jamaa wa buibui. Viroboto wana oda yao wenyewe, yaani kundi kubwa katika mpangilio wa viumbe, iitwayo Siphonaptera, yenye spishi zipatazo 2,500, ambazo nyingi huishi kwa damu ya mamalia na chache kwa damu ya ndege. Tekenya, ambaye wengine humwita funza, naye ni kiroboto, ingawa jike lake limeacha maisha ya kurukaruka na kuchagua kujichimbia katika ngozi ya nyayo. Anayemsumbua paka wenu, kwa uwezekano mkubwa, ni kiroboto wa paka, Ctenocephalides felis, ambaye licha ya jina lake ndiye pia anayepatikana kwa mbwa katika sehemu nyingi za dunia.

Mkamateni mmoja kwa kitana chenye meno yaliyobanana na mumtazame kwa kioo cha kukuzia. Jambo la kwanza mtakaloliona ni wembamba wake. Amebanwa ubavu kwa ubavu, kama sarafu iliyosimamishwa kwa ukingo, na ndiyo maana hupenya katikati ya manyoya bila kuyasukuma. Ngozi yake ni ngumu, ya kahawia iliyoiva, na inang'aa. Miiba yake yote imeelekea nyuma, kwa hiyo anasonga mbele bila kizuizi, lakini akivutwa kinyumenyume hukwama kwenye nywele. Ukimfinya kati ya kidole gumba na cha shahada hafi. Utahisi kitu kigumu kama punje ya mchanga, na ukilegeza kidole kidogo tu atakuwa ameshaondoka. Mabawa hana. Miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko mingine, nayo imekunjwa kando ya mwili kama kitu kinachosubiri kufyatuka.

Sasa tuje kwenye vipimo. Mwaka 2000 watafiti wa Toulouse nchini Ufaransa walichapisha matokeo ya kuwapima viroboto wakiruka: kiroboto wa paka alikwenda wastani wa takriban sentimita 20 kwa mlalo, kiroboto wa mbwa takriban sentimita 30, na waliofanya vizuri zaidi walikaribia nusu mita. Kwa mdudu mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3, wastani huo ni kama mara mia ya urefu wake. Kutokana na hapo watu hupiga hesabu kwamba mtu angekuwa na nguvu za kiroboto angevuka jengo la ghorofa nyingi kwa mruko mmoja. Hesabu hiyo nimeisoma mara nyingi mno, hata katika vitabu vya watoto, na ni ya makosa. Nishati ambayo msuli unaweza kuitoa hutegemea wingi wa nyama yake, na mzigo wa kuinuliwa nao hutegemea wingi wa mwili uleule. Ukimkuza mnyama mara mbili kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, misuli yake inakuwa mara nane, lakini uzito wake nao unakuwa mara nane, na faida inajifuta. Kwa sababu hiyo wanyama warukao, wawe wadogo au wakubwa, hawaachani sana kwa kimo wanachofikia: kiroboto hupanda sentimita kumi na kitu, na mtu mwenye mazoezi huuinua mwili wake karibu nusu mita. Kiroboto aliyekuzwa hadi kuwa na kimo cha binadamu asingeruka jengo lolote. Kuna shaka kama miguu ile ingeweza hata kumsimamisha.

Ajabu ya kweli iko kwenye muda. Kiumbe mdogo ana miguu mifupi, na mguu mfupi ukianza kunyooka unaiacha ardhi mara moja, kwa hiyo msukumo wote lazima uishe kabla ya hapo. Kwa kiroboto muda huo ni wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndani ya muda huo anatoka kwenye utulivu kamili hadi kasi inayokaribia mita 2 kwa sekunde, na msukumo anaoupata unazidi mara 100 ya mvuto wa dunia. Hakuna msuli unaoweza kujikunja kwa haraka ya namna hiyo na bado ukatoa nguvu inayotakiwa, na wachunguzi wa zamani walipolitambua hilo walijua kwamba ndani ya mdudu huyu lazima kuna kitu kingine kisichokuwa msuli.

Kitu hicho kinafanya kazi kama manati. Mwenye manati havunji tawi kwa kasi ya mkono wake; huuvuta mpira taratibu, nguvu za mkono zikahifadhika ndani ya mpira, kisha akiachia, mpira unazirudisha zote kwa mkupuo. Kifuani mwa kiroboto, juu ya miguu ya nyuma, kuna kipande kidogo cha protini iitwayo resilini, ambayo hurudi katika umbo lake karibu bila kupoteza chochote cha nguvu iliyotumika kuibana. Kiroboto anapojiandaa, misuli yake huibana resilini hiyo pamoja na ngozi ngumu inayoizunguka, bila pupa, kisha mwili unajifunga katika hali hiyo. Kifungo kikiachia, nguvu iliyokusanywa polepole inatoka yote kwa mara moja na kushuka kwenye miguu. Mwaka 1967 H. C. Bennet-Clark na E. C. A. Lucey waliueleza mtambo huu, lakini namna nguvu inavyofika ardhini iliendelea kubishaniwa kwa miaka takriban 40. Miriam Rothschild, aliyewajua viroboto kuliko watu wengi wa karne yake, aliona kwamba mdudu husukuma kwa sehemu ya juu ya mguu. Bennet-Clark alishikilia kwamba ni kwa sehemu ya chini, yaani muundi na kikanyagio. Mwaka 2011 Gregory Sutton na Malcolm Burrows wa Cambridge walitumia kamera za kasi kubwa na kuonyesha kwamba Bennet-Clark ndiye aliyekuwa sahihi.

Kuna jambo moja hapa ambalo Kiswahili kinalieleza kwa urahisi wa kupendeza. Sisi tuna neno moja, kuruka, kwa ndege anayepaa na kwa chura anayedunda. Wahenga wa viroboto walikuwa na mabawa, na resilini ile inakaa pale ambapo kwa wadudu wenye mabawa ipo bawaba ya bawa. Walipoyaacha mabawa na kuyahamia maisha ya ndani ya manyoya, sehemu ya mtambo wa kuruka angani iligeuzwa kuwa mtambo wa kuruka kwa miguu.

Kabla ya kuyafikia majina, naomba niondoe hadithi moja ambayo mwanao, kama bado hajaisikia, ataisikia siku moja kutoka kwa wahamasishaji. Husemwa kwamba ukiwafungia viroboto katika chupa yenye kifuniko, watajigonga hadi wajifunze kuruka chini yake, kisha ukikiondoa kifuniko hawatatoka kamwe, na hata watoto wao watarithi au kufundishwa kimo kilekile. Sehemu ya mwisho haiwezekani kabisa. Kiroboto halei watoto. Yai likishatagwa, mama hana habari nalo tena, na buu linaloanguliwa ni kama uzi mweupe mfupi, halina miguu, halina macho, na linaukimbia mwanga. Halina la kuiga kwa mzazi wala kiungo cha kulifanyia. Hadithi inayowahimiza watu wasijiwekee mipaka ingestahili kusimama juu ya mnyama ambaye kweli hufundisha watoto wake, nao wapo.

Na maisha halisi ya kiroboto yanapingana na jina lake kwa namna ambayo imenishangaza tangu siku za mwanzo za kazi hii. Jina kiroboto, popote linapotumika kwa mtu, humaanisha asiyetulia. Lakini kiroboto wa paka aliyekomaa akishampata mnyama, hana haja ya kwenda popote: hubaki katika manyoya hayo, akinyonya na kutaga, mpaka afe au achanwe. Jike aliyeshiba vizuri anaweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku, na mayai hayo, kwa kuwa hayanati, huanguka popote paka anapolala. Mabuu hula hasa kinyesi kikavu cha wazazi wao, ambacho ni damu iliyokwisha kumeng'enywa kwa sehemu tu, kinachodondoka kutoka juu kama riziki. Kisha hujisokotea kifuko cha hariri chenye kunata, vumbi likaganda juu yake, na kifuko hicho hakitofautiki na takataka ya zulia. Humo ndani mdudu aliyekwisha kukomaa anaweza kungoja kwa miezi, asitoke, mpaka asikie mtetemo, joto, mgandamizo au pumzi ya kiumbe. Niliwahi kufungua mlango wa nyumba iliyokuwa imefungwa kwa takriban miezi mitatu, bila mtu wala mnyama, nikiwa nimevaa soksi nyeupe kwa makusudi. Nilipiga hatua nne au tano nikasimama. Kabla hata sijainama kutazama, soksi zilikuwa zimeshapata madoa meusi hadi juu ya vifundo, na madoa yalikuwa yakipanda. Mruko ule wa sehemu moja ya elfu ya sekunde una kazi hii hasa: kuvuka pengo kati ya sakafu na mnyama anayepita, na pengine kuponea chupuchupu mbele ya meno na kucha.

Chuki ambayo binadamu anayo kwa mdudu huyu nayo ina sababu nzito kuliko mwasho. Mwaka 1894 Alexandre Yersin aliitambua bakteria ya tauni huko Hong Kong, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akifanya kazi Karachi, alionyesha kwamba ugonjwa huo hutoka panya hadi panya kupitia viroboto, jambo ambalo wenzake wengi walikataa kuliamini kwa miaka. Bakteria zikizaliana ndani ya kiroboto zinaweza kuziba njia ya chakula. Mdudu mwenye njaa hung'ata tena na tena, damu haishuki, na anaitema pamoja na ugonjwa. Anayelaumiwa zaidi ni kiroboto wa panya aitwaye Xenopsylla cheopis. Charles Rothschild, baba yake Miriam, ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1903 baada ya kuikusanya spishi hiyo nchini Sudan, akimrejelea Cheops, yule farao mjenzi wa piramidi kubwa. Kwa hiyo kabla hatujauliza mbona mtu apewe jina la kiroboto, tujue kwamba kiroboto amekwisha kupewa jina la mfalme.

Basi tumrudie Messi. Kwa Kihispania jina lenyewe ni La Pulga, na linashika mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni udogo: alipokuwa mtoto alikuwa na upungufu wa homoni ya ukuaji, akapata matibabu, akaingia Barcelona akiwa na miaka 13 na mwili mdogo kuliko wenzake, na hata alipokomaa kimo chake kilifika mita 1.70 hivi. La pili ni namna anavyoondoka. Mtazameni akiwa amesimama na mpira mbele ya beki: anakaa karibu bila kusogea, kisha ghafla hayupo pale alipokuwa. Sidhani kwamba waliombandika jina hilo walikuwa wakiwaza resilini, lakini jicho lao liliona sawasawa kilekile ambacho kamera za Cambridge ziliona, yaani utulivu unaofuatwa na kuondoka kusikofuatika kwa macho.

Mwingine ni Michael Balzary, mzaliwa wa Melbourne nchini Australia mwaka 1962, mpiga gitaa la besi wa bendi ya Marekani ya Red Hot Chili Peppers. Dunia inamjua kwa jina la Flea tu, ambalo ni kiroboto kwa Kiingereza, na aliyemwona akipiga gitaa huku akidunda jukwaani hahitaji maelezo. Muziki una kiroboto mwingine wa zamani zaidi. Mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag iliwafikisha Honolulu wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira, nao walikuja na gitaa dogo la nyuzi nne. Wenyeji wa Hawaii walilipenda, wakalitengeneza kwa mbao zao, na likaitwa ukulele. Maelezo yanayojulikana zaidi ya jina hilo ni «kiroboto arukaye», kwa jinsi vidole vya mpigaji vinavyorukaruka juu ya nyuzi.

Wafaransa ndio waliolitumia jina hili kwa upana kuliko wote ninaowajua. Neno lao puce ni kiroboto, na ndilo hilo wanaloiitia chipu ya kompyuta, kwa kuwa ni kitu kidogo, cheusi, chenye miguu. Soko la vitu vikuukuu la Saint-Ouen, kando ya Paris, ni soko la viroboto, kutokana na dhana kwamba nguo na magodoro yaliyouzwa humo yalikuja na wakazi wake. Na mzazi wa Kifaransa humwita mtoto wake ma puce, yaani kiroboto wangu, kwa sauti ileile ambayo wengine huitumia kusema mpenzi wangu. Mwanao atalipenda hilo.

Katika majina haya lipo moja lililozaliwa kwa kosa la tafsiri. Miaka ya 1930 Henri Mignet alibuni ndege ndogo ambayo mtu wa kawaida angeweza kujiundia mwenyewe, akaiita Pou-du-Ciel, chawa wa angani. Waingereza walipoichukua waliiita kiroboto arukaye. Nadhani sikio lao lilikataa kumpa chawa mabawa, na kwa upande wa biolojia ninawaelewa, kwa sababu chawa hutambaa tu. Ndege yenyewe ilikuwa na kasoro ya mpangilio wa mabawa iliyoifanya ishindwe kuinuka ikishaelekea chini kwa mteremko mkali, watu wakafa, na mwaka 1936 ikazuiwa kuruka Uingereza na Ufaransa. Katika Vita vya Pili vya Dunia jina hilohilo likahamia kwenye pikipiki nyepesi ya Royal Enfield iliyoundwa ili idondoshwe kutoka angani pamoja na askari wa miamvuli.

Linganisha na chawa wa Kiswahili cha siku hizi. Chawa ni yule anayeishi kwa kumsifu mwenye nacho na haachani naye, na jina hilo ni tusi. Wote wawili hunyonya damu, wote wawili ni kero, lakini chawa amekumbukwa kwa kuganda na kiroboto amekumbukwa kwa kuruka. Mwambie mwanao kwamba jina la mnyama halimchukui mnyama mzima. Huchukua kitendo kimoja alichokionyesha vizuri kuliko wengine, na cha kiroboto ni kile cha sehemu moja ya elfu ya sekunde. Messi hakuitwa hivyo kwa sababu ya chakula cha mdudu.

Kuhusu paka wenu, kwa kuwa umemtaja. Mchaneni juu ya karatasi nyeupe yenye unyevu. Punje nyeusi zikienea kuwa madoa ya rangi ya kutu, hizo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto, na mna viroboto hata kama hamjamwona hata mmoja. Watibuni wanyama wote wa nyumbani kwa wakati mmoja kwa dawa aliyoielekeza daktari wa mifugo, na msimpake paka dawa ya mbwa yenye permethrini, kwa maana inaweza kumuua. Fueni matandiko anayolalia kwa maji ya moto, fagieni au vuteni vumbi mara kwa mara kwenye pembe na chini ya viti, na msikate tamaa mkiendelea kuona wapya baada ya wiki mbili au tatu. Hao wanatoka kwenye vifuko vilivyokuwa sakafuni kabla hamjaanza, ambavyo dawa nyingi hazipenyi, kwa hiyo matibabu yaendelee kwa miezi mitatu hivi, hadi kifuko cha mwisho kiwe kimefunguka na aliyetoka humo amkute paka aliyekwisha kutibiwa.